Mifuko ya Plastiki ya Kutumia Mara Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huzuka kila mazungumzo ya mifuko ya plastiki yanapoanza. Mengine yana jibu la mstari mmoja, mengine yana ubishi ndani yake, na hayo ya ubishi nimeyapa nafasi zaidi. Mfuko unaozungumziwa ni ule mwembamba wenye mikono miwili, unaopiga kelele ukiuminya, ambao wengine huuita rambo na wengine juala.

Plastiki ziko nyingi. Mbona mnauandama mfuko?

Kwa sababu ya wepesi wake. Mfuko mmoja una gramu chache tu, na unene wake ni mikroni 10 hadi 20 hivi, mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Chupa ya plastiki ikitupwa hukaa pale pale mpaka maji yaisombe, au mpaka apite muokota taka anayeijua bei yake. Mfuko haumsubiri mtu. Upepo ukivuma kidogo tu unapaa, hata kutoka dampo linalosimamiwa vizuri, unanasa kwenye miba na nyaya au unatua mtoni. Na muokota taka hana haja nao: ili apate kilo moja itabidi ainame mara mia na zaidi, tena aokote vitu vyenye tope na mabaki.

Kwa uzani, mifuko hii si sehemu kubwa ya plastiki yote inayotengenezwa duniani, na anayekuambia ukiiondoa umemaliza tatizo la plastiki anakudanganya. Lakini ni katika vitu vichache ambavyo mtu anaweza kuviacha wiki hii hii bila kupungukiwa na chochote. Huo mfuko ulibeba mzigo wako kwa dakika ishirini tu.

Nani aliubuni, na alikuwa na nia gani?

Polithini, malighafi ya mfuko, ilipatikana kwa bahati mwaka 1933 nchini Uingereza. Wakemia wawili wa kampuni ya ICI, Reginald Gibson na Eric Fawcett, walikuwa wakijaribu jambo jingine kwa gesi iliyoshindiliwa kwa shinikizo kubwa, wakakuta masalio meupe kama nta ndani ya chombo. Mfuko wenye mikono ulikuja baadaye. Mhandisi wa Uswidi, Sten Gustaf Thulin, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Celloplast, ndiye aliyebuni njia ya kutengeneza mfuko mzima kutoka bomba bapa la plastiki kwa kuliunganisha kwa joto na kulikata, na hataza yake ya Marekani, yaani hati ya haki ya ubunifu, ikatolewa mwaka 1965.

Mwanawe amesimulia kwamba Thulin mwenyewe alikuwa akitembea na mfuko wake umekunjwa mfukoni. Alidhani watu watautumia tena na tena, na miti itapona kukatwa kwa ajili ya mifuko ya karatasi. Kwa hiyo mfuko tunaoulaani leo ulibuniwa ili udumu, na hakika unadumu. Sisi ndio tulioamua kuutumia mara moja.

Ni kweli unachukua miaka elfu moja kuoza?

Utasikia miaka 20, utasikia 500, utasikia 1,000. Chukua tahadhari na namba hizo zote. Polithini yenyewe haijafikisha hata karne moja tangu ipatikane, kwa hiyo hakuna aliyekaa kando ya mfuko akahesabu miaka 500. Ni makadirio ya maabara yaliyorefushwa.

Kinachojulikana kinatosha kutia wasiwasi. Vijidudu vinavyoozesha jani au karatasi havina uwezo wa maana wa kula polithini. Kazi hiyo hufanywa na jua: mionzi yake huukausha mfuko, ukawa mkavu na wa kupukutika, ukashikwa ukavunjika vipande. Vipande huzaa vipande vingine, na vikishuka chini ya milimita 5 huitwa maikroplastiki. Ukikuta mfuko uliochakaa juani ukajaribu kuuokota, ukakumomonyokea vidoleni, usidhani umeoza. Umegawanyika tu, na sasa hakuna tena njia ya kuuokota. Ukizikwa ardhini au ukizama kilindini, mahali pasipo na jua, hata kuvunjika huko hucheleweshwa. Mwaka 2018 watafiti wa Kijapani waliripoti mfuko wa plastiki uliopigwa picha miaka ishirini kabla, mnamo 1998, katika Mfereji wa Mariana, karibu mita 10,900 chini ya uso wa bahari. 

Wanyama hudhurika vipi hasa?

Kwa nchi kavu, wanaoteseka zaidi ni wanaocheua. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wote humeza mifuko, na ng'ombe hasa hachambui chakula kwa midomo kama tunavyofikiri. Mfuko wenye mabaki ya chakula au wenye ladha ya chumvi humezwa pamoja na majani, na tumboni hauendi mbele wala haurudi. Mmoja mara nyingi haumuui mnyama. Ila inakusanyika, inajisokota, inajaza tumbo, na mnyama anakonda huku tumbo lake likionekana limeshiba. Mfugaji hutafuta ugonjwa, akatibu minyoo, na kisa hujulikana siku ya kuchinja.

Baharini, kasa anaula mfuko kwa kuudhania konyeza. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watafiti wa Australia walikadiria kwamba kasa akishameza vipande 14 vya plastiki, uwezekano wake wa kufa kwa sababu hiyo ni nusu kwa nusu. Machi 2019, nyangumi mchanga alipatikana amekufa Ufilipino akiwa na takribani kilo 40 za plastiki tumboni, mifuko ikiwemo.

Matumbawe hayamezi mfuko, lakini nayo yanaumia. Uchunguzi wa miamba 159 katika eneo la Asia na Pasifiki, uliotoka mwaka 2018, ulionyesha kwamba tumbawe lisiloguswa na plastiki lina uwezekano wa asilimia 4 wa kuugua, na lililofunikwa na plastiki asilimia 89. Plastiki hukwaruza, huzuia mwanga na hubeba vimelea.

Kuna uhusiano gani kati ya mifuko na mafuriko?

Mtaro hauhitaji mifuko mingi ili uzibe. Mmoja unanasa kwenye wavu au kwenye kona, unashika majani na mchanga, na mingine inakuja kujipanga nyuma yake. Bangladesh ilijifunza kwa gharama kubwa: baada ya mafuriko makubwa ya 1988 na 1998, mifuko iliyoziba mitaro ilitajwa miongoni mwa sababu za maji kugoma kuondoka mijini. Mwaka 2002 nchi hiyo ikawa ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba. Hata pasipo mafuriko, mfuko uliotupwa wazi unashika maji ya mvua, na mbu hahitaji zaidi ya hapo.

Nikiichoma je?

Usiichome. Moto wa jalalani hauna joto la kutosha kuiunguza plastiki ikaisha. Unatoa moshi wenye masizi na kemikali za sumu, tena mara nyingi karibu na pua za watoto. Na rundo la taka halina polithini tupu. Likiwa na plastiki za aina ya PVC, kama zile za mabomba ya maji, moshi wake unaweza kubeba dioksini, kemikali za sumu ambazo hukaa mwilini muda mrefu.

Si irejelezwe tu?

Kwa maabara, inawezekana. Kwa biashara, ni shida tupu. Mfuko mwembamba hujizungusha kwenye mashine za kuchambulia taka mpaka wafanyakazi wasimamishe mtambo, waingie na visu kuukata. Ni mchafu, ni mwepesi, na plastiki inayopatikana humo haina thamani ya kulipia kazi ya kuisafisha. Makadirio ya kina yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba katika plastiki yote iliyokuwa imegeuka taka duniani hadi 2015, ni kama asilimia 9 tu iliyorejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ikabaki madampo au ikazagaa. Hiyo ni pamoja na chupa na ndoo, vitu vinavyorejelezwa kwa urahisi kuliko mfuko.

Basi nihamie mfuko wa karatasi?

Karatasi ikidondoka mtoni italowa na kuoza, na hilo si jambo dogo. Lakini utengenezaji wake unakula miti, maji na nishati nyingi, na mfuko wake ni mzito kuusafirisha. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulilinganisha mifuko mwaka 2011 kwa kipimo cha gesi zinazopasha dunia joto: mfuko wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3 ndipo ulingane na rambo lililotumika mara moja. Sasa niambie, ni karatasi gani uliyowahi kuitumia mara tatu, hasa siku ya mvua?

Na wa kitambaa? Huo si ndio bora?

Hapa ndipo ubishi wenyewe ulipo, kwa hiyo tulia kidogo.

Katika ripoti ile ile ya 2011, mfuko wa pamba ulihitaji kutumika mara 131. Na kama mwenye rambo analitumia tena kuwekea taka za nyumbani, mara 327. Utafiti wa serikali ya Denmark wa 2018 ulikwenda mbali zaidi, ukasema mara 7,100 ukihesabu madhara ya kila aina. Namba hii ya mwisho imeshabikiwa sana na watu wanaotaka rambo lirudi. Wasichosema ni kwamba imebebwa na kigezo kimoja, yaani madhara kwa tabaka la ozoni, na kwamba kwa mabadiliko ya tabianchi peke yake utafiti huo huo ulitaja mara 52. Wala hawasemi kwamba tafiti zote mbili zilipima uzalishaji, usafirishaji na utupaji rasmi. Kasa hakuwamo katika hesabu, wala mtaro, wala tumbo la ng'ombe.

Hata hivyo tusizipuuze. Pamba ni zao linalokunywa maji na kumwagiwa dawa. Mfuko wa kitambaa uliogawiwa bure kwenye semina, ukaenda kuning'inia nyuma ya mlango pamoja na wenzake kumi na wawili, umeichosha dunia kuliko rambo. Mfuko huo huo ukienda nao sokoni mara mbili kwa wiki, mara 131 zinatimia kwa mwaka na miezi mitatu. Ukidumu miaka mitano, umelipa deni lake mara nne.

Kwa hiyo ukiniuliza mfuko bora ni wa kitu gani, nitakujibu ni ule ulio nao tayari. Kikapu cha ukindu, mkoba wa shule wa zamani, gunia dogo, mfuko ulioshonwa kwa shuka lililochakaa. Huu wa mwisho unashinda yote, maana pamba yake ilishalimwa na kulipiwa miaka mingi iliyopita.

Ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa ni kitambaa kweli?

Si kitambaa. Mingi ni polipropilini, plastiki ya jamii nyingine, ambayo nyuzi zake zimebanwa kwa joto badala ya kufumwa. Choma uzi mmoja uone: unayeyuka na kufanya tone, haubaki jivu kama pamba. Si mibaya ikiwa minene na ikatumika sana. Ripoti ya 2011 iliipa mara 11 tu. Balaa ni ile myembamba inayochanika safari ya tatu. Hiyo ni rambo lililovaa nguo, na ikichakaa inamwaga nyuzi za plastiki badala ya kuoza. Kabla ya kununua, uvute kwa mikono miwili na uangalie mshono wa mkono. Ukiona mwanga unapenya kama kwenye chandarua, urudishe.

Kuna mifuko imeandikwa "inaoza". Niiamini?

Uliza kwanza: inaoza wapi? Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth walichukua mifuko ya aina mbalimbali, wakaiweka hewani, udongoni na baharini kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2019. Mfuko uliouzwa kwa jina la kuoza, baada ya kukaa miaka yote hiyo udongoni na baharini, bado uliweza kubeba mzigo wa dukani. Ule wa mboji, yaani uliotengenezwa ili uoze na kuwa mbolea, ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwa bado upo baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba kitu.

Mifuko ya mboji mara nyingi hutengenezewa viwanda vya mboji vyenye joto kali na unyevu uliopimwa. Kama eneo lako halina kiwanda hicho, neno "mboji" lililoandikwa hapo ni pambo. Mibaya zaidi ni ile iliyotiwa kemikali ya kuifanya ivunjike haraka ikipata hewa na jua: inakuharakishia maikroplastiki tu. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa sheria yake ya 2019 kuhusu plastiki.

Sheria zinasaidia, au zinawasumbua wafanyabiashara wadogo bure?

Zinasaidia pale zinaposimamiwa na pale mbadala unapokuwepo. Njia kubwa ni mbili, tozo na marufuku.

Mfano wa tozo unaotajwa zaidi ni wa Ayalandi. Machi 2002 iliweka tozo ya senti 15 za yuro kwa kila mfuko, inayolipwa na mnunuzi mwenyewe pale kaunta, na matumizi yakashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Senti 15 hazimfilisi mtu. Kilichofanya kazi ni lile swali, "Unataka mfuko?" Ukipewa bure bila kuulizwa unapokea, ukiulizwa, unatazama mkononi na kugundua kwamba kitu chenyewe ni kimoja na kinashikika.

Afrika Mashariki ilichagua marufuku. Zanzibar ilianza mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya iliweka adhabu kali kupindukia, faini ya hadi shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha hadi miaka 4. Tanzania iliwatangazia hata wageni waache mifuko yao kabla ya kupanda ndege. Barabara na uzio vilionekana kubadilika ndani ya muda mfupi, jambo ambalo kampeni za miaka mingi za kuokota taka hazikulifanikisha.

Marufuku nayo ina matundu. Bangladesh, iliyotangulia wote, iliacha usimamizi ulegee na mifuko ikarudi sokoni. California, jimbo la Marekani, ilikataza mifuko myembamba lakini ikaruhusu minene iliyodhaniwa itatumika mara nyingi. Watu wakaitupa vile vile, safari hii ikiwa na plastiki nyingi zaidi kwa kila mfuko, na mwaka 2024 jimbo likapitisha sheria ya kuziba mwanya huo. Magendo ya mpakani ni tundu jingine, na mfuko mdogo usio na mikono wa kufungia bidhaa, ulioruhusiwa ubaki kwa sababu za afya, hugeuzwa kuwa wa kubebea mchana kweupe.

Kuhusu wafanyabiashara wadogo: malalamiko yao mara nyingi ni ya haki. Anayeuza vitu vya kupima kidogo kidogo hawezi kumuuzia mteja mfuko wenye bei inayokaribia bidhaa yenyewe. Sheria inayomkimbiza huyo barabarani na kumwacha mwenye kiwanda inakuwa imepiga kivuli.

Mimi nauza duka. Nianzie wapi?

Acha kutoa mfuko kabla mteja hajauomba. Hilo halikugharimu chochote, linakuokolea hela ya mifuko. Kisha weka maboksi matupu ya bidhaa karibu na mlango, wateja wachukue.

Nikikosa rambo nitawekea nini taka za ndani?

Swali halali, na wanaopigania marufuku wamelikwepa mno. California, miji ilipokataza mifuko ya dukani, mauzo ya mifuko ya taka yalipanda. Utafiti uliotoka 2019 ulikadiria kwamba karibu asilimia 30 ya plastiki iliyookolewa ilirudi kwa njia hiyo. Faida ilibaki, lakini ilipungua.

Njia ni kupunguza kinachoulazimu mfuko. Taka zenye majimaji ni mabaki ya chakula na maganda. Hizo ukizitenga ukazifanyia mboji au ukampa mwenye mifugo, ndoo inabaki na vitu vikavu visivyohitaji mfuko wowote. Tandika gazeti chini, mwaga, suuza ndoo.

Nyama na samaki je? Mfuko wa kitambaa utanuka.

Beba chombo chenye mfuniko. Baadhi ya wauzaji watashangaa mara ya kwanza, ya pili watakiweka kwenye mizani wenyewe. Kumbuka tu kipimwe kikiwa kitupu kwanza. Na mfuko wa kitambaa hufuliwa kama nguo nyingine. Usiuchanganye: wa mboga usibebee nyama mbichi.

Ninao mfuko mzuri, lakini nausahau nyumbani kila siku.

Karibu kwenye chama. Nimewahi kurudi nyumbani nimekumbatia vitunguu kifuani kwa sababu ya ubishi wangu wa kukataa rambo. Dawa iliyonifaa si kukumbuka, ni kuuweka mfuko mahali ambapo siwezi kutoka bila kuugusa: mmoja unaokunjika mdogo kabisa ndani ya mkoba wa kila siku, mwingine kwenye kitasa cha mlango. Ukishatoa mizigo usiuweke kabatini. Urudishe kwenye kitasa saa ile ile.

Nina lundo la rambo za zamani kabatini. Nizitupe?

Zitumie mpaka zichanike. Kuzitupa leo ili uonekane msafi ni kuziharakisha kuelekea dampo. Kama nchi yako imezikataza, usitoke nazo nje, zimalizie ndani.

Mfuko wangu wa kitambaa umechanika mkono. Ndiyo basi?

Mkono ndio huanza kuchoka, kwa sababu uzito wote unaning'inia kwenye sentimita mbili za mshono. Shona upya kwa uzi wa mara mbili, ukipitisha alama ya X ndani ya mraba, na utepe wa mkono ushuke chini kidogo zaidi ya ulipokuwa. Kama kitako ndicho kimeisha, kata, geuza sehemu nzima iwe mfuko mdogo wa kuwekea maharage au mchele. Kikichakaa hicho nacho, ni tambara la kudekia.